Chumba cha Kaniki

Mwaka tisini na tano, mwaka wa kampeni za vyama vingi, nilikuwa nafanya kazi katika nyumba ambayo watu wa Kilosa walivuka barabara ili wasipite chini ya madirisha yake. Kwa nje haikuwa na ajabu. Bati lenye kutu, sakafu ya saruji iliyopasuka, baraza la kukaa watu wanne. Zamani ilikuwa stoo ya pamba ya ushirika. Ushirika ulipokufa na biashara ikawa ya kila mwenye uwezo wake, ikakaa tupu na popo wake mpaka alipokuja Daktari Makarius, mzaliwa wa Mikumi aliyekuwa amesoma Ulaya miaka saba, akaipanga. Chumba cha nyuma alikifunika madirisha kwa kaniki tabaka tatu, na chini ya mlango akaweka gunia lililokunjwa. Jua la saa sita likiwa nje linapasua kichwa, humo ndani huoni kiganja chako.

Watu walisema mle damu inanyonywa. Walisema jenereta iliwekwa ili ngurumo yake ifunike vilio. Mama mmoja wa sokoni, ambaye miaka kumi nilinunua kwake mchicha, alianza kuniwekea fungu langu chini nikaliokote, asiguse mkono wangu.

Niliajiriwa kufagia na kuosha vioo. Lakini Daktari aliona nina subira na najua kuandika tarakimu zikasomeka, kwa maana darasa la nne la misheni tulilimaliza kwa fimbo, basi akanipa kazi ya pete. Ilikuwa pete ya chuma shingoni mwa darubini, imechorwa mistari kuanzia sifuri hadi mia na themanini, na ndani yake kuna kioo cha rangi ya majivu. Mimi nilikaa kwenye kigoda gizani, naigeuza mistari kumi kumi, taratibu. Yeye aliweka jicho juu, akasoma sindano ya kimashine kinachopima mwanga, akanitajia namba. Mimi niliandika kwa tochi niliyoifunga kitambaa chekundu.

Siku ya kwanza nilimwuliza tunatafuta nini. Alinijibu kwa mkeka, maana aliniona nasuka barazani. Alisema mwanga wa kawaida unakuja ovyo, kila upande, kama ukindu uliomwagwa. Kioo kile kinauchuja, unapita ule uliolala upande mmoja tu. Halafu kwenye chembe za damu, zikiwa bado hai, tunaweka tone la dawa inayong'aa. Vijipande vya ile dawa, yeye aliviita molekuli, vinajichomeka kwenye ngozi ya chembe. Ni vidogo mno, hata darubini haivioni kimoja kimoja. Lakini ukigeuza kioo utajua vimelala kuelekea wapi, kwa sababu vinawaka pale tu mwanga unapovikuta vimelala sawa nao.

Akaniachia nitazame. Nakumbuka vizuri. Katika weusi ule niliona duara la kijani, jembamba kama uzi, na ukingoni mwake taa mbili, moja huku, nyingine upande wa pili. Nilipogeuza pete, zile taa zikazunguka ukingo, zinafuatana kama watoto wanaokimbizana kuizunguka nyumba. Daktari alisema hiyo ni chembe nzima. Ni ya mviringo, kwa hiyo ukigeuza vyovyote pana sehemu itawaka, na sindano haipandi wala haishuki.

Kisha akabadilisha kioo cha kuwekea damu, akaweka ya mgonjwa wa siko seli. Chembe zilikuwa ndefu, zimenyooka na kuchongoka. Nikageuza pete. Zikawaka zote kwa pamoja. Nikaendelea kugeuza. Zikazimika zote, giza tupu, kana kwamba hapakuwa na kitu. Nilirudisha mkono nyuma haraka.

Aliniambia nisiogope, kwamba kila kitu humo kimelazwa upande mmoja, ndiyo maana kinazimika pamoja. Nilikubali kwa kichwa. Lakini ile picha ilinikaa, kwa sababu tayari nilikuwa na wajukuu wawili kaburini.

Walikuwa watoto wa mwanangu Lazaro na mkewe Jenipher, kule Munisagara, kituo cha reli baada ya Kilosa. Wa kwanza Peter, wa pili Editha. Wote wawili walianza kwa kuvimba vidole, macho yakageuka manjano, halafu maumivu ya mifupa yanayomfanya mtoto alie mpaka sauti inakwisha. Wote wawili walipelekwa Kisanga kwa mganga aliyewaweka ndani ya kibanda cha moshi siku tatu bila maji, ili kilichowaingia kitoke kwa kiu. Jinsi walivyorudi sitaandika.

Aliyebaki ni Devotha, miaka mitano, mkorofi, pengo mbele. Mimi na yeye tuliitana mke mwenza. Nikifika Munisagara atanipokea mzigo huku ananiambia, "Mke mwenzangu umechelewa, mume wetu amekula ugali wako." Na mwezi ule wa Juni, baridi ilipoingia, alianza kushika miguu yake na kukaa kimya.

Kwetu mtoto ni wa upande wa mama. Baba atalima, atalisha, atajenga, lakini mtoto akiugua, akiposwa, akizikwa, neno ni la mjomba. Mimi mama wa baba yake ni mgeni anayepewa kiti. Na Lazaro mwenyewe alikuwa mbali, Kidatu, anakata miwa. Mjomba alikuwa Kasiani, kaka yake Jenipher, kibarua wa siku nyingi katika shamba la mbegu Kilangali. Hakuwa mtu mbaya. Siku tuliyomzika Editha yeye ndiye alilia mpaka akashikwa. Lakini alikuwa ameamua kwamba watoto wa dada yake wanachezewa, na Jumamosi angefika kumchukua Devotha ampeleke Kisanga kabla haijawa mbaya.

Hospitali ilikuwa imeshasema. Walimpima Devotha kile kipimo cha kawaida, wakaona damu inajikunja. Lakini mwaka uliotangulia Kasiani mwenyewe, akitafutiwa malaria, alipimwa kipimo hicho hicho, na yake pia ikajikunja. Basi alikuwa na jibu lake tayari. Alimwambia dada yake kwamba kama damu ya kujikunja ndiyo inayoua, yeye angekuwa amekufa kitambo, na tazama anabeba magunia ya mbegu kutwa nzima.

Nilimpelekea Daktari maneno hayo. Akasema mjomba hajakosea. Kipimo kile kinaonyesha tu kwamba jambo lipo kwenye damu. Hakitofautishi aliyelibeba, ambaye ataishi mpaka azeeke, na anayeumwa nalo. Dar es Salaam wangeweza kutofautisha, ila majibu huchukua wiki. "Lakini pete yako inaweza, mama," akaniambia. Chembe za aliyebeba tu, zikiwa hai na zinapata hewa, zinabaki mviringo. Taa mbili zinazunguka. Za mgonjwa, hata zikipata hewa, kuna nyingi zilizokwisha kunyooka, na hizo zinazimika.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Alinipa kichupa kidogo chenye kizibo cha mpira na maji yake ya dawa, akanionyesha namna ya kutoboa kidole. Akanisisitizia mambo mawili. La kwanza, kisipoe, nikiweke kifuani, ngozi kwa ngozi. La pili, damu ile iko hai na inapumua, kwa hiyo kila baada ya robo saa nifungue kizibo ipate hewa, nitikise kidogo, nifunge. Ikikosa pumzi, hata damu ya aliyebeba tu itanyooka, na sisi tutadanganyika. Nilimwambia nimeelewa. Na kweli nilielewa.

Alhamisi asubuhi nilikuwa Munisagara. Jenipher alimshika mtoto, mimi nikatoboa. Devotha hakulia. Aliniuliza kama damu yake ninaenda kuipika. Nikamwambia naenda kuitazama kama ina adabu. Matone kumi na mawili nikayahesabu, nikafunga kizibo, nikakitia kichupa ndani ya sidiria, upande wa kushoto.

Treni hapakuwa. Kulikuwa na kiberenge cha mafundi wa reli kinarudi Kilosa, watu sita na majembe yao, wakanipa nafasi juu ya sanduku la vifaa. Nikakaa katikati yao, magoti yamebanana. Mwanzoni walikuwa na utani. Mmoja, mwenye kofia ya chama kipya, aliniuliza kama nimeficha jogoo kifuani, mbona nimejikumbatia hivyo. Wakacheka, nami nikacheka.

Robo saa ilipofika niliingiza mkono chini ya khanga. Hapo hapo mwingine, mtu mzima mwenye ndevu za mvi, akasema kwamba huko Kilosa kuna mwanamke, mtu mzima kabisa, anazunguka vijijini na chupa anachukua damu za watoto kwa ajili ya ile nyumba ya giza. Akasema akipatikana hatafika kituoni. Alisema bila hasira, kama mtu anayesema mvua itachelewa. Wenzake wakaitikia. Yule wa kofia akasema heri apatikane njiani, maana polisi watamwachia.

Nilitoa mkono. Nikaushika na mwenzake, nikaiweka yote miwili mapajani ionekane.

Tukasimama kwenye njia ya pembeni kupisha treni ya mizigo. Tulisimama saa nzima na zaidi. Jua lilipanda. Nilikisikia kile kichupa kwenye ngozi yangu, cha moto kama kidole cha mtoto mwenye homa. Nilijiambia nishuke nijisaidie vichakani, nikifungue huko. Lakini yule mzee wa mvi alikuwa ananitazama. Labda alikuwa ananitazama tu, kama mtu anavyomtazama mwenzake safarini. Sikushuka. Kutoka Munisagara mpaka Kilosa, karibu saa tatu, sikufungua hata mara moja.

Chumbani Daktari alitia dawa, akazima taa, akainamia darubini. Nikakaa kwenye kigoda. Sifuri. "Nane," akasema. Kumi. "Saba." Ishirini. "Sita." Nikaandika. Nne. Tatu. Kwenye tisini akasema, "Moja." Kisha zikaanza kupanda tena, mbili, nne, sita, mpaka nane. Akachagua chembe nyingine, ikawa vile vile. Akachagua ya tatu. Kalamu yangu iliandika yenyewe, mimi sikuwa nikimsikiliza. Nilikuwa nawaza kibanda cha moshi.

Aliwasha taa akanipa pole. Alisema hajaona damu mbaya kiasi kile, karibu kila chembe imenyooka. Akakaa mezani akaandika barua kwenda hospitali ya Mikumi, ambako palikuwa na wodi ya watoto na daktari anayeujua ugonjwa huo, Devotha alazwe mara moja. Akaikunja vizuri akaniwekea mkononi.

Ile barua ndiyo kitu nilichokuwa nakitaka kuliko vyote. Yenye mhuri. Nilifika nayo hadi mlangoni. Nikasimama pale kwenye gunia lililokunjwa. Nikawaza kwamba kama mtoto hana ugonjwa huu, kama ni kitu kingine kinachomla miguu, basi nitakuwa nimempeleka kutibiwa kisichomuua, na kinachomuua kimeachwa kinaendelea. Na nikawaza pia, nisifiche, kwamba Daktari akijua nimemdanganya sitagusa tena pete ile.

"Sikukifungua," nikamwambia.

Hakuelewa. Ikabidi niseme yote, kiberenge, mzee wa mvi, mikono yangu mapajani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauchukua ule ukurasa wa namba, akauchora mstari mmoja kutoka kona hadi kona, akanyoosha mkono nimrudishie barua. Hakunigombeza, na ingekuwa afadhali. Alisema tu kwamba sasa tunahitaji mtoto mwenyewe aletwe hapa, damu itoke kidoleni iende moja kwa moja kwenye kioo. "Na huyo mjomba aje," akasema. "Yake pia tuitazame, siku moja, kioo kimoja. La sivyo hataamini, na mimi nisingeamini."

Ijumaa sikula. Jumamosi asubuhi nilikuwa Munisagara kabla ya Kasiani. Alifika na baiskeli, mrefu, kabeba mkate kwa ajili ya mtoto. Devotha alikuwa amelala kwenye mkeka, ameweka miguu juu ya mtungi apate ubaridi. Hakuniita mke mwenza. Aliomba maji, Jenipher akampa.

Kasiani aliniamkia vizuri, shikamoo mama, nikaitikia marahaba. Nikamwomba akae. Nikamweleza kwamba juzi nilichukua damu ya mtoto wake bila kumwuliza, na kwamba niliificha kifuani nikaiharibu njiani kwa woga, na sasa naomba nimpeleke mtoto kwenye ile nyumba, naye aende pia atoe yake.

Kuku waliingia ndani na kutoka. Jenipher alikuwa amesimama kizingitini na mwiko mkononi, ugali unaungua.

"Ulichukua damu ya mtoto wetu," akasema, "ukaiweka kwenye matiti yako."

"Ndiyo, baba."

"Ingekuwa mtu mwingine ningemwitia majirani."

Najua hivyo, nikamwambia. Hapo Jenipher akasema, bila kuinua macho, kwamba wawili walikwenda Kisanga na wawili anawajua walipo. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema mbele ya kaka yake neno ambalo hakuulizwa.

Kasiani alisimama, akatoka nje, akazunguka nyumba mara mbili. Aliporudi alitoa sharti lake. Atakwenda. Atatazama kwa jicho lake mwenyewe, hataki kusomewa namba. Kama atakachokiona kwake na atakachokiona kwa mtoto ni kitu kimoja, mtoto anakwenda Kisanga siku hiyo hiyo, na mimi nisikanyage tena kwenye nyumba ya dada yake, wala msibani. Nikakubali. Ningefanyaje?

Tulipata lori lililokuwa linapeleka mbegu, la shamba alilofanyia kazi Kasiani, dereva anamjua. Lilikuwa lipitie Kilosa kisha liendelee njia ya Mikumi. Akakubali kutusubiri Kilosa wakati anapakia.

Mlangoni mwa chumba cha kaniki Kasiani alisita. Mtu anayebeba magunia mawili kwa mpigo, nilimwona anashika fremu ya mlango. Devotha alikuwa mgongoni kwa mama yake, akaanza kulia alipoona weusi ule. Kasiani akamchukua, akaingia naye, akakaa naye mapajani kwenye kiti cha Daktari. Nadhani aliingia kwa sababu mtoto analia. Peke yake sijui kama angeingia.

Damu yake ilitangulia. Daktari alimtoboa, akaweka tone kwenye kioo, dawa, kifuniko chembamba, taa ikazimwa. Nilikaa kwenye kigoda changu, mkono kwenye pete. Nikageuza. Nilimsikia anapumua kwa pua. Nikageuza tena, nikafika tisini, nikaendelea hadi mia na themanini.

"Kuna taa mbili," akasema. "Zinatembea."

Daktari akamwambia achague chembe nyingine. Akachagua. Taa mbili. Nyingine. Taa mbili. Alianza kuzoea, hata akaniambia nipunguze mwendo, mama, zinanipita. Na mimi nikazidi kuogopa. Kwa sababu kama za Devotha nazo zitazunguka, basi tumekwisha, na kama zitazimika, basi nini? Ningeomba lipi? Nilikuwa nimekaa gizani naomba mjukuu wangu awe mgonjwa wa ugonjwa usiopona. Niliomba hivyo hivyo.

Tone la Devotha likawekwa. Alilia safari hii, kidogo, akauficha uso kwenye shati la mjomba wake. Taa ikazimwa.

Sifuri. Kasiani aliinamia darubini. Kumi. Ishirini. Ngurumo ya jenereta ukutani, na mtoto anavuta kamasi. Thelathini. Arobaini. Vidole vyangu vilikuwa na jasho, pete inateleza, nikaifuta kwa pindo la khanga nikaendelea. Hamsini, sitini, sabini. Mimi sikuwa na jicho pale. Nilikuwa na mkono tu, na mkono hauoni. Themanini. Tisini.

"Imezimika," akasema.

Nikasimama hapo.

"Rudisha."

Nikarudisha taratibu, mistari kumi kumi, mpaka sifuri. Akasema imewaka. Akaniambia nigeuze tena. Tukafanya mara tatu kwa chembe ile. Daktari akamwambia zipo na za mviringo humo, atazame nazo. Akatazama, akasema ndiyo, hizi zina taa zake mbili, lakini hizi ndefu zinakufa. Daktari akamweleza kwa sauti ya chini kwamba hazifi, zimenyooka, na zikinyooka zinakwama kwenye mishipa myembamba kama vijiti mferejini, na hapo ndipo mtoto anaposhika miguu. Akasema zinanyooka zaidi kwa baridi, kwa homa, na kwa kiu kuliko vyote. Mtoto huyu asikose maji hata saa moja. Akasema pia jambo hilo halijatoka kwa mtu yeyote aliyewachukia. Limetoka pande zote mbili, kwa mama na kwa baba, kila mmoja akiwa na lake asilolijua.

Kasiani alikaa na jicho kwenye darubini muda mrefu, wakati mimi nilikuwa nimeshaacha kugeuza. Kisha akamnyanyua mtoto akatoka nje kwenye jua.

Daktari alinipa barua. Ilikuwa ile ile ya Alhamisi, alikuwa hajaichana, amebadilisha tarehe tu.

Lori lilikuwa tayari. Jenipher na mtoto walikaa mbele kwa dereva. Mimi na Kasiani tulipanda nyuma juu ya magunia. Sikujua tunakwenda wapi. Barua ilikuwa kwangu, lakini mtoto alikuwa wake, na hakuwa amesema neno tangu atoke mle chumbani. Njia ni moja mwanzoni. Huko mbele kuna mahali inapoachana, mkono mmoja unakwenda Kisanga, mwingine unaendelea Mikumi. Sikuthubutu kumwuliza. Mtu mwenye haki ya kusema ukimharakisha anaweza kusema lile usilolitaka.

Tulipita Kilangali. Wenzake wa shambani walimpungia mkono, hakuwaona. Vumbi lilitujaa kope. Nilihesabu madaraja. Nilimtazama mikono, maana uso wake ulikuwa umegeukia nyuma tulikotoka, na mikono ilikuwa imetulia juu ya gunia, kidole kimoja kimefungwa pamba na Daktari.

Tulipokaribia njia panda alisimama. Akapiga bodi la lori kwa kiganja, mara mbili, kama anavyopiga abiria anayeshuka.

Lori likasimama.

Kasiani akaruka chini. Nikamwona anakwenda upande wa njia ya Kisanga, hatua ndefu, bila kugeuka. Jenipher alikuwa amefungua mlango wa mbele, amemkumbatia Devotha kwa mikono yote miwili, ananitazama mimi juu. Nikaanza kushuka, mguu mmoja kwenye tairi, nikiwaza kwamba nitalala barabarani mbele ya lori kama ikibidi, mwanamke wa miaka hamsini na mbili na meno yake pungufu.

Kasiani aliingia kwenye nyumba iliyokuwa pale njia panda, yenye ua wa mabua. Alikaa humo. Dereva akazima injini. Nikasikia nyenje, na mtoto anamwuliza mama yake kama tumefika.

Alipotoka alikuwa amebeba kidumu cha lita tano mkono mmoja, na kikombe cha bati mkono mwingine. Alikuja taratibu maana kidumu kilikuwa hakina kifuniko na hakutaka maji yamwagike. Alipita upande wa mlango, akamimina kikombe mpaka ukingoni, akampa Devotha.

"Kunywa," akamwambia. "Kunywa chote, mama. Mikumi bado mbali."

Akasimama pale barabarani anamtazama anavyokunywa, anamimina kingine, mpaka mtoto akageuza uso akasema ameshiba. Ndipo akapanda juu, akaweka kidumu katikati ya miguu yake, kiganja juu ya mdomo wa kidumu ili vumbi lisiingie, na lori likaondoka.

Njia nzima hakuondoa kile kiganja. Nami sikuondoa macho kwake mpaka nilipoona bati za hospitali. Na hata leo, Devotha akiwa na watoto wake, baridi ya Juni ikiingia mimi ndiye nampigia simu asubuhi kumwuliza kitu kimoja tu, kama amekunywa maji.